Mkono Wako Uliobaki Ndani ya Saa

Minza, mpwa wangu,

Marahaba. Nimeanza kuitikia kabla hujaniamkia, maana tangu tukuzike masikio yangu yanaisubiri ile shikamoo yako ya mlangoni, ile ya kuvutwa kama ndoo inayotoka kisimani, na haiji. Nimechoka kuisubiri, nimeona niitikie tu. Marahaba, mwanangu. Marahaba.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Shule niliiacha darasa la tano, na katika ukoo mzima wewe peke yako ulikubali kwamba niliiacha kwa sababu mwalimu wa hesabu alikuwa ananiogopa. Kwa hiyo ukiona mstari umepinda, ni meza ya mama yako, mguu mmoja umetiwa jiwe. Si mkono. Mkono huu ulipiga kasia peke yake kutoka Ukerewe mpaka soko la samaki la Mwaloni, mtumbwi umejaa dagaa na upepo unanipinga usoni, na haukutetemeka. Leo unatetemeka kidogo. Ni baridi ya asubuhi hapa Buswelu.

Nimekuja na habari ya saa.

Wewe unaijua kuliko mimi, lakini acha niieleze, maana nikiieleza ninapata pumzi. Saa yangu si ya betri. Ni ile ya kutia ufunguo, unazungusha kifundo cha pembeni, springi inajikunja ndani, kisha inajikunjua pole pole ikisukuma mishale mpaka iishiwe. Nilipewa na nahodha wa meli kubwa baada ya kumwokoa na dhoruba. Mama yako anasema niliinunua mnadani Magu, na kwamba alikuwepo. Mama yako yuko kila mahali, hata kwenye dhoruba.

Ulipofungua kibanda chako cha fundi saa pale Mabatini, mteja wa kwanza alikuwa mimi. Watu walisema mwanamke atawezaje kazi ile, tena mgonjwa. Hawakujua kwamba wewe ulishapiga hesabu zako. Selimundu, ule ugonjwa wako wa damu, ilikuwa imekufundisha tangu utoto kuogopa baridi, kubeba mizigo na kusimama sana, ukatafuta kazi ya kukaa, yenye taa ndogo ya kupasha vidole moto. Maumivu yakija unaweka kibano chini, unafumba macho, yakipita unaokota kibano na kuendelea pale pale ulipoachia. Mimi ninayejisifia nguvu sijawahi kuona nguvu kama ile, na hili silitii chumvi.

Nakumbuka siku nilipokuletea saa imejaa maji. Nilikueleza vizuri kabisa, mbele ya Deo wa kibanda cha simu na mama wa vitumbua, jinsi mamba wa Ukerewe alivyonishika mkono, tukavutana, mwisho akaona saa, akaacha mkono akabaki na saa, nikamfuata chini ya maji kuidai. Ulisikiliza mpaka mwisho. Ukafungua mfuniko, ukaweka lenzi yako jichoni, ukachungulia. Ukasema, "Mjomba, huyu mamba anatumia sabuni ya unga?"

Deo alicheka mpaka akaangusha simu ya mtu. Sawa, kulikuwa na beseni, na kulikuwa na shati. Lakini usidhani naungama. Mamba alikuwepo, siku nyingine.

Mara ya pili nilisema imemezwa na sangara mkubwa kama mlango wa kanisa. Ukachungulia, ukatoa kitu kwa ncha ya kibano, ukanionyesha. Gamba la dagaa. Nikakujibu papo hapo, "Sasa ulitaka sangara ale nini? Ugali?" Hapo nilikushinda, ukubali. Mara ya tatu saa ilikuwa inakimbia kama inafukuzwa, nikasema nimekoswa na radi njia ya Magu. Ukasogeza sindano yako ya kushonea karibu na ile springi nyembamba kama unywele, sindano ikavutwa. Ukasema, "Imeshika sumaku. Hii radi yako ilikuwa inapiga muziki." Kweli nilikuwa nimeivua nikaiweka juu ya spika pale baa ya Kirumba. Lakini kulikuwa na mawingu.

Mafundi wenzako wakimaliza saa wanakwaruza alama ndogo ndani ya mfuniko, ili fundi atakayeifungua kesho ajue imeshapita mkononi mwa mtu. Wengine wanaandika herufi, wengine mwaka. Wewe kwenye saa yangu ulichora uongo wangu. Mamba mdogo kama chawa. Samaki. Kijiti cha radi. Ukanipa lenzi nione, ukasema, "Imebaki nafasi ya kitu kimoja tu, Mjomba. Ukiiharibu tena lete uongo wa maana, usinimalizie nafasi kwa mbuzi."

Nilikuwa ninauandaa, Minza. Nilikuwa nao mzuri, una kiboko na mkuu wa wilaya ndani yake. Sikuwahi.

Ile jioni hospitali ulikuwa umelala upande, midomo imekauka. Nilikaa pembeni nikikusimulia habari za Mwaloni, na sijui kama ulikuwa unasikia. Katikati ya maneno ulinyosha mkono, ukanivua saa. Ukaanza kuizungusha. Vidole viwili, pole pole, unapumzika, unaendelea. Ukasema, "Wewe unaizungusha kama unafunga bomba. Ikikaza unaacha, Mjomba. Kitu kikikaza unaacha." Ilipokaza ukaacha. Ukaitia sikioni, ukasikiliza, ukanirudishia mkononi na kufunga mkanda tundu lile lile ninalopenda.

Alfajiri ukaondoka.

Jioni iliyofuata ilikuwa wakati wa kuitia saa ufunguo. Nyumba imejaa watu, kwaya ya jumuiya inaimba, wanaume wanapanga viti, mimi nimesimama nyuma ya nyumba na vidole viko kwenye kifundo. Nikashindwa kuzungusha. Niliiona mishale inatembea na nikajua inasukumwa na nini. Ulikuwa umelazwa kule baridini nyuma ya mlango wa chuma, na vidole vyako viko kwenye mkono wangu, vinatembea. Ningeongeza ufunguo wangu juu ya wako, ningejuaje wako umeishia wapi? Nikaiacha.

Kesho yake tukakuzika hapa nyumbani, kando ya migomba ya mama yako. Saa ilikuwa bado inakwenda, kwa kuchoka, lakini inakwenda.

Katika ukoo wetu mjomba ndiye anayeshuka kaburini kumpokea mpwa wake, upande wa kichwa. Baba anaweza kulia, kaka anaweza kuzimia, mjomba anashuka. Nikashuka. Na mawe ya Mwanza unayajua, mtu anachimba choo anakuta mlima. Vijana walikuwa wamegonga jiwe upande mmoja, wakalichonga walivyoweza, likabaki jino limetokeza ukutani. Jeneza likaja kwa kamba. Kamba ya upande wangu ikateleza kidogo, uzito wote ukanijia, na mkono wangu wa kushoto ukabanwa kati yako na lile jino la jiwe. Nikasikia kioo kinapasuka.

Ningeweza kuuchomoa mkono, Minza. Ni jambo la kufumba na kufumbua. Lakini ningekuachia. Ungefika chini kwa kishindo, na wewe maisha yako yote mifupa inakuuma. Nikabana meno, nikakushusha taratibu mpaka ukakaa. Ndipo nikautoa. Katekista akasema, "Mzee, una damu." Mimi niliangalia saa. Kioo kimekwenda, mchanga umeingia, na mishale imesimama.

Fikiria jambo hilo. Haikuishiwa. Ilizuiwa njiani. Kuna ufunguo wako kidogo ulikuwa umebaki ndani ya springi, umejikunja pale, unasubiri kusukuma, na kitu kimeuziba.

Niliifunga kwenye leso. Watu walidhani nimeitupa. Kule Mwaloni nilikwenda mkono mtupu, nikawa mkimya, mpaka wachuuzi wa dagaa wakaanza kunitazama kama mtu aliyerogwa. Mmoja akaniuliza, "Kapteni, siku hizi ziwa limekauka? Hatusikii habari." Nikamwambia niko kwenye mfungo.

Mama yako ndiye aliyenibana. Alikuwa anachambua mchele, hakuniangalia hata usoni. "Iko wapi saa?" Nikasema ipo. "Ipo inafanya nini?" Nikasema imepumzika. Akaweka ungo chini. Akasema, "Mwanangu alikuwa anaponya saa. Sitaki mtu apite pale Mabatini aseme ya mwisho aliyoishika ndiyo iliyokufa. Kaitengeneze."

Nimebishana na maofisa wa doria ya uvuvi nikashinda. Dada yangu sijawahi kumshinda.

Nikaipeleka Mabatini kwa Deo, kwa kuwa ulimfundisha zile saa za ukutani na hizi kidogo. Kibanda chako bado kimefungwa, lakini ile taa yako ndogo Deo ameiweka kwake, anaifuta vumbi, haiwashi. Waliponiona na leso mkononi walisogea wote, mama wa vitumbua akaacha mafuta yanaungua. Deo akachekelea, "Haya Kapteni, leo imemezwa na nini?"

Nikafungua mdomo. Wote wakasubiri. Kiboko yupo, mkuu wa wilaya yupo, wote wako tayari mdomoni wamejipanga. Haikutoka hata silabi. Mama wa vitumbua akaelewa wa kwanza, akavuta kanga akafunika mdomo. Deo akainamisha kichwa, akaipokea saa kwa mikono miwili.

Alijitahidi kuwa fundi. Akaigeuza, akasema, "Kwanza lazima niiachie springi ijikunjue, ufunguo wote utoke. Dada Minza alinionya, usifungue vyuma vya ndani saa ikiwa bado imejaa, itakurukia." Akachukua bisibisi.

Nikamnyang'anya. Nilimnyang'anya kama nimemkamata mwizi, na yeye hana kosa, anafuata ulivyomfundisha. Lakini nilielewa alichosema. Anataka kukuachia. Kidude kidogo kinainuliwa kwa ncha ya bisibisi, trrr, na kile nilichokikatalia kaburini mkono ukiwa umebanwa, kinatokea juu ya meza ya simu huku redio inatangaza mpira.

Nikaondoka. Nilitembea mpaka Kirumba nikakaa juu ya mawe ya ziwani, leso mapajani. Sikulia. Jua lilikuwa kali na mimi macho yangu yana ugomvi wa zamani na jua.

Ndipo nikamkumbuka Mzee Ngassa wa Igoma, aliyekufundisha kazi. Siku hizi haoni vizuri na mikono inamcheza, ameacha kazi, anafuga kuku. Nilimkuta anawafokea. Nikamwamkia, nikakaa, nikamweleza yote. Safari hii yalitoka, bila kiboko. Kamba, jiwe, mkono, kioo, ufunguo.

Akasema, "Deo yuko sahihi. Vyuma vya ndani havifunguliwi mpaka ufunguo utoke."

Nikainuka.

Akasema, "Kaa chini, Kapteni, unaniziba mwanga. Nimesema utoke. Sikusema utolewe."

Tukaja naye huku Buswelu kwa bajaji, amekumbatia kiboksi chake cha vyuma kama mtoto mchanga. Mama yako akachemsha chai ya maziwa, akaweka meza hii hii uani, upande wa migomba, kusudi uwe karibu. Mzee akaweka lenzi jichoni. Akafungua mfuniko, akatazama, akaguna. Akamwita mama yako, akampa lenzi, akamwonyesha mamba na samaki na radi. Mama yako hakuwa amewahi kuviona. Alitazama muda mrefu, akasema, "Huyu mtoto alikuwa na adabu mbaya sana," na machozi yanamtiririka mpaka shingoni.

Kisha Mzee akaingia kazini. Mikono inacheza njia nzima, Minza, inacheza kama majani, lakini ncha ya kibano ikifika ndani ya saa inatulia. Sijui inatulizwa na nini. Akatoa vipande vya kioo. Akatoa mchanga punje kwa punje, na kila punje aliiweka kwenye karatasi, maana nilishamwambia mchanga ule hautupwi, una mahali pake. Mwisho akasema, "Hii hapa." Punje moja ya jiwe, imekaa chini ya kile kigurudumu kinachopiga kwenda na kurudi. Akasema, "Nikiitoa hii itatembea kwa ufunguo aliouacha yeye. Umebaki kidogo. Ikisimama imesimama, hapo ndipo nitaifungua. Mko tayari?"

Mama yako akamimina chai vikombe vitatu, akaketi. Nikasema tuko tayari. Uongo wangu wa mwisho huo.

Akaitoa.

Ikaanza. Mwanangu, ikaanza. Kwa udhaifu, kama mtu anayeongea akiwa chini ya blanketi, lakini ikaanza. Mzee akavua lenzi, akasukuma saa katikati ya meza. Hakuna aliyegusa chai. Mama yako akalaza kichwa mezani, sikio karibu na saa, kama alivyokuwa akilaza kichwa kifuani kwako ulipokuwa mdogo na homa imepanda. Mimi nikaweka kiganja juu ya meza, nikaisikia kupitia mbao. Tik, tik. Vidole viwili. Unapumzika, unaendelea.

Nilitaka kukuambia mengi wakati ule. Mimi ambaye nimeongea tangu nizaliwe. Nilitaka kukuambia kwamba hukufika chini kwa kishindo, kwamba nilikushusha vizuri, kwamba jiwe lilibana mkono wangu halikukugusa wewe. Nilitaka kuuliza kama ulisikia ile habari ya Mwaloni niliyokuwa naisimulia hospitali au niliongea na ukuta. Sikusema. Nilihofia kuifunika sauti.

Ikapungua. Ikawa inakata, inarudi. Mama yako akafumba macho. Akasema, "Haya, mama. Haya. Ikikaza unaacha." Sijui hilo neno alilitoa wapi, sikumsimulia. Labda ulikuwa ukimwambia na yeye.

Ikasimama.

Kuku wa jirani, upepo kwenye migomba, basi. Chai ilikuwa ya moto ilipoanza, na iliposimama ilikuwa na utando juu. Huo ndio muda ulioongezewa duniani, na tulikuwa nao sisi watatu, na hukuwa na maumivu ndani yake.

Ndipo nikalia, Minza. Nililia vibaya, na hakuna jua la kusingizia.

Mzee Ngassa aliifungua yote baada ya hapo, akaisafisha, akaipaka mafuta, akaivika kioo alichokitoa kwenye saa yake mwenyewe ya ujanani. Ilimchukua siku kadhaa, analala chumba chako, asubuhi anakusalimia kule kwenye migomba kabla hajala. Alipotaka kuifunga alichukua sindano, akaniuliza, "Nafasi ni moja. Nichore nini? Jiwe?" Akasema ni desturi ya kazi, fundi hafungi bila alama. "Hata yeye angenigombeza."

Nikafikiri. Nikasema hapana, hiyo nafasi ina mwenyewe. Akaangalia sindano, akaangalia migomba, akairudisha kwenye kiboksi. Akafunga mfuniko hivyo hivyo. Akasema, "Mimi nilimfundisha kufungua tu. Kufunga alikuwa ameshanizidi."

Ule mchanga nimekurudishia mwenyewe, upande wa kichwa. Saa inatembea. Majirani zako wa Mabatini nimewapelekea waione, Deo ameiweka sikioni, halafu bila kuagizwa na mtu akaiwasha ile taa yako. Inawaka sasa hivi ninapoandika, nadhani. Mwaloni waliniuliza kioo kilipasukaje. Nikasema nilikuwa nimembeba binti mmoja. Wakasubiri hadithi iendelee. Nikawaambia imeishia hapo.

Lakini usiogope, sijawa mtu wa kweli tupu. Yule kiboko bado ninaye, ninamnenepesha. Nakuahidi haya: kila jioni nitaizungusha kwa vidole viwili, na ikikaza nitaacha. Sabuni sitaikaribia. Spika nitaipita mbali. Na mama yako hatakula peke yake nikiwa hai.

Sasa lala, mpwa wangu, na mimi niende nikamsaidie dada kupalilia. Siku nitakayoshushwa mimi, sijui nani atanipokea upande wa kichwa, lakini chini kule najua nani atakuwepo. Nitakuja na saa, nitakuja na uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kuutengeneza, na wewe utaweka lenzi jichoni, utafungua mfuniko, utachungulia ile nafasi, na utasema, "Shikamoo, Mjomba. Haya, safari hii ilikuwa nini?"

Mimi mjomba wako,
Kapteni